Namba Nne na Nusu

Llanelli, Jumamosi, mvua ya ubavuni.
Mabli ana miezi kumi na sita
na nyayo mbili ambazo bado hazijaamua kuwa mfupa.
Ndivyo alivyoniambia Bi Prothero wa dukani,
amepiga magoti kwenye zulia, miwani puani,
akiusogeza mguu wa mwanangu ndani ya kipimo cha chuma
kilicho baridi hata mtoto akacheka.
"Nne na nusu. Mpana. Herufi G."
Akaandika kwenye kadi, kama daktari.

Halafu akataja bei.
Pauni thelathini na nane.

Nilijua. Nilikwisha kuisoma dirishani mara tatu wiki ile
nikipita na kigari bila kusimama, kama mtu anayedaiwa.
Lakini bei ikitamkwa na mtu aliyepiga magoti
ina namna yake ya kukuinamisha.

Thelathini na nane ni saa tatu na ushee
za kupiga pasi mashuka ya hoteli nisiyowahi kulala.
Ni gesi mpaka Alhamisi ya pili.
Ni viatu vyangu hivi, mara tatu,
na hivi vyangu vinakunywa maji.

Nikajaribu: "Tuchukue namba tano. Nitamvika soksi nene."
Bi Prothero hakukasirika. Alibonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba,
akanionyesha kidole kinapoishia, hewa inapoanzia.
"Kiatu si benki, mpenzi. Ukiweka akiba mle, atajikwaa nayo."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.
Hawakupita dukani kwa Bi Prothero.
Mimi nilikunjwa mbichi:
viatu vya dada yangu Nerys, kisha vya binamu Huw,
mwaka wa kwanza vimejazwa gazeti,
mwaka wa pili vimenibana natembea kama bata.
Mama hakuwa na kosa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa,
Baba alishinda nyumbani akitengeneza saa ambayo haikuharibika.
Hadi leo kidole changu cha mwisho, mguu wa kushoto,
kimemlalia jirani yake kama mlevi begani mwa rafiki.
Adhabu ya kiatu aijuaye ni kidole,
na kidole cha Mabli hakina ulimi.

Nikalipa. Noti ya ishirini, ya kumi, kisha sarafu.
Bi Prothero alizihesabu polepole
na hakuinua macho mpaka nilipofunga pochi.

"Viatu vya mtu asiyejua kutembea?" akauliza Iestyn jioni.
"Anajua hatua nne."
Akapiga hesabu. "Pauni tisa na nusu kwa hatua."
Tukacheka, kupita ilivyochekesha.

Wiki ya saba tulirudi kupima.
Bi Prothero akabonyeza, akainua uso uliojaa nuru:
"Amekua!"
kwa sauti ile watu wanayotangazia harusi.
Na mimi, niliyemwombea akue
tangu alipozaliwa mzito kama pakiti mbili za sukari,
nikasikia mtu ndani yangu akisema: si sasa.
Si kabla ya mshahara.
Ngoja kidogo, mwanangu. Usikue.

Sijamwambia mtu neno hilo. Hata Iestyn.

Tulingoja siku kumi na moja. Alitembea na soksi,
zaidi ya hatua nne, akiteleza jikoni, akishangilia.

Vile vidogo viko juu ya friji.
Soli hazijafutika hata maandishi.
Delyth wa ghorofa ya chini anavitaka, mwanawe ameanza kusimama;
atanipa kumi, na kumi ni kumi.
Jana usiku nikaingiza vidole ndani ili nivifute
nikakuta vishimo vitano, kila upande vitano,
kirefu zaidi pale alipokuwa akikanyaga dole gumba.

Delyth atagonga mlango saa nne asubuhi.
Nimevifuta. Vishimo havifutiki.