Radi Nyekundu

Miaka kumi na tisa, hapa Łódź, nilichora ubaoni
mchoro uleule: kisanduku cha msemaji,
mshale, kisanduku cha msikilizaji,
na juu ya mshale radi ndogo ya chaki nyekundu.
Kelele. Adui, niliwaambia. Andikeni.

Machi mji ukafungwa.
Nikafundisha kutoka jikoni, mbele ya skrini
yenye viboksi thelathini na kimoja, vyeusi tii,
kila sauti imezimwa, kama nilivyoagiza mwenyewe.
Njia safi. Hakuna radi.
Nikatupa mzaha wangu wa kila mwaka, ule wa tarishi na mbuzi,
ukazama kama sarafu kisimani
nisisikie hata maji.

Ndipo nilipokumbuka kiti cha Zbyszek
kinavyolalamika akianza kuchoka,
na kikohozi cha Jagoda
ambacho, kumbe, kilikuwa swali.
Nilikuwa nimefuta nusu ya mazungumzo
nikaita usafi.

Jumapili nilikwenda kwa mama, makao ya wazee.
Kuingia marufuku.
Mitambo ya uchapaji ilimla masikio zamani;
husoma midomo, na midomo ya dunia nzima
ilikuwa imevikwa kitambaa.
Nikasimama bustanini, kwenye theluji chakavu,
nikavua barakoa, nikatamka kwa mdomo wazi, kama mjinga:
U-ME-KU-LA?
Kioo kikanirudishia uso wangu.

Yeye akasogea. Akakipumulia kioo
(pumzi, ileile tuliyoambiwa tuiogope)
kikafunga ukungu, na kwa kidole
akaandika kutoka kulia kwenda kushoto,
kila herufi imempa mgongo.
Miaka thelathini alipanga herufi za risasi gazetini;
kinyumenyume ndiyo shule yake.
Kwake ilikuwa mikwaruzo.
Kwangu ilisomeka bila kosa:

SUPU HAINA CHUMVI. VAA KOFIA.

Sikuwa na kofia.

Jumatatu nikawaambia wafungue sauti zote.
Mbwa wa mtu akabweka. Tramu ikapita kwa Jagoda.
Bibi wa mtu akauliza, nani huyo anayesema peke yake?
Nikacheka, na wao wakacheka, wengine wakichelewa
kwa sababu ya mtandao.

Mchoro wa zamani ulikuwa umebandikwa kwenye jokofu.
Nikachukua karatasi mpya na kalamu,
nikakaa muda, supu ikichemka,
halafu nikaanza kuchora
kwa kisanduku cha kulia.