Matone Matatu

Kambini Seeb, alfajiri, pistoni ya pili imegoma.
Nabonyeza, inazama. Nainua kidole, haipandi,
na tarumbeta lashikwa na kigugumizi
kama Bi Shinuna akisaka neno la Kiarabu.

Jana, kwa uvivu, niliipaka mafuta ya nazi;
usiku kiyoyozi kikayagandisha.
Nchi imekalia mafuta,
mimi nimekwamia matone matatu!

Koplo Muhenna hanigombezi.
Achomoa, afuta ule utando mweupe
kwa kipande cha kanga ya mamaye,
adondosha: moja, mbili, tatu.
"Puliza."

Sauti ikatoka nzima,
hadi njiwa wakahama paa la bwalo.

Akaniachia kitambaa.
Maneno yaliyosalia ni mawili tu:
ASEMAYE KESHO