Upana wa Mkono

Nilinunua Keri ya mkono wa tatu kwa ajili ya boflo,
ikalala barabarani miezi minne,
hapa Machomane, chini ya nguzo isiyo taa,
kwa sababu mlango wa ua wangu ni wa baiskeli
na marehemu baba hakuwahi kuota gurudumu la tatu.
Usiku wa kwanza wa Shaabani kioo cha kushoto kikaenda.
Usiku wa pili cha kulia kikamfuata mwenziwe.
Nikasema basi. Ua utapanuka.

Kumbe ua haupanuki kwa shoka,
ua hupanuka kwa karatasi.

Sheha Haroub aliuliza, kalamu juu:
"Mwenye nyumba yuko wapi?"
Nikamwambia, umemkalisha kwenye benchi tangu saa mbili.
Akacheka, akaandika Rayya Khatib Asaa,
kwa ye mbili; moja nikamwachia ya zawadi.

Barua ya sheha ikanipeleka baraza la mji,
baraza la mji likanipeleka kwa mtu wa barabara,
naye alitaka kujua maji ya mtaro yatapita wapi
nikishapitisha gari juu yake.
"Chini," nikasema.
"Chini ya nini?"
"Ya gari."
Akaniambia hilo si jibu, jibu ni kalvati,
zege, kipenyo kadhaa, urefu kadhaa,
na mchoro, nakala tatu,
na usichore kwa penseli.

Mtu wa maji naye akaja kulitafuta bomba lake.
Mara tatu alichimba pasipo bomba,
ya nne akalipata kwa kulitoboa.
Siku mbili tulikoga kwa ndoo za jirani,
na karatasi yake ikasema: hakuna pingamizi.

Pingamizi. Neno lenye meno.
Fomu ya mwisho ililitafuta kwa majirani:
jina, saini, au dole gumba.
Bwana Makame wa nyuma alisaini huku anatafuna.
Fundi redio wa mkabala alitaka boflo nne, nikampa sita.
Akabaki Bi Mize Shaame, wa ubavuni.

Tangu mama yangu yu hai,
jua likianza kuregea,
mkono wa Bi Mize huja juu ya michongoma.
Mwili hauonekani. Ni mkono tu,
bangili moja ya fedha, hina iliyofifia kuchani,
unapapasa asumini zilizofumba,
unachuma kiganja kimoja, unarudi.
Hauombi. Hauibi.
Mama akiuona, alikuwa akikiinamisha kitawi
wakutane njiani.
Kwenye mchoro wangu, nakala tatu,
pale pana mstari mweusi: ukuta, matofali, futi saba.

Nilimpelekea fomu na kidau cha wino.
Hakujua miwani yake iko wapi, akataka nimsomee.
Nikasoma yote, hata namba ya fomu.
Akanyamaza, kisha akatoa, kama mtu anayerudisha chenji:

    Mwanangu sitaki fungu, wala sidai mpaka,
    nataka mkono wangu, upite ninapotaka,
    nisuke kikuba changu, taa zikianza waka.

Mistari mitatu. Wa nne aliumeza.
Akabonyeza dole gumba pahala pake,
akaenda kunawa.

Kibali kimetoka Jumatano, muhuri umekaa upogo.
Upana ulioruhusiwa: mita tatu na nusu.
Asumini nimeihamisha hatua mbili;
ilisusa wiki nzima, majani chini, kisha ikakubali.
Keri inalala ndani na vioo vyake vipya.

Jana alasiri mkaguzi alikuja na futikamba,
akapima geti, akapima kalvati, akaridhika,
akaifunga futikamba, akaifungua tena
mbele ya ukuta wa ubavuni.
Tofali moja halipo.
Kimo cha bega la mwanamke mfupi.

"Na hili tundu? Halimo kwenye mchoro."

Nikatazama jua lilipofika.
"Kaa kidogo, bwana," nikamwambia,
"mwenye kibali chake karibu atakuja."