Godoro la Futi Mbili na Nusu

Shule ya kata iko kilomita kumi na moja.
Nimezihesabu kwa miguu, si kwa pikipiki:
mbuga ya mpunga, kisha mto
ambao masika huitwa mto na kiangazi huitwa njia,
kisha miombo, kisha miombo tena.
Nyamizi ana miaka kumi na minne.
Sisemi zaidi. Mwenye binti ameshaelewa.

Baba yake akatandaza karatasi juu ya mkeka,
akazikandamiza kwa betri za tochi zilizokufa.
"Tuchague," akasema,
kana kwamba tuko mnadani na fedha tunayo.
Tumbaku ya msimu uliopita bado haijalipwa.
Chama cha msingi kinasema wiki ijayo,
tangu mwezi wa sita kinasema wiki ijayo.

Kupanga chumba karibu na shule:
wasichana watatu, jiko moja la mkaa,
mlango wa bati unaofungwa kwa waya.
Wenyewe wanakuita geto.
Binti wa Kabula alikaa geto.
Aliondoka mmoja, akarudi wawili.

Kwa masista, Tabora mjini:
ukuta, mlinzi, maji ya bomba,
kengele inayojua saa kuliko jogoo wetu.
Ada nikaipima kwa ndoo za asali.
Ndoo ishirini na sita kwa mwaka.
Mizinga ninayo kumi na minne,
na nyegere naye ana familia.

Bweni la serikali, huko Nzega, akichaguliwa.
Akichaguliwa. Neno hilo likakaa mlangoni
kama mgeni asiyesema haja yake.

Wifi yangu akapiga simu kutoka Isevya:
"Mleteni kwangu, atakuwa kama mwanangu."
Nawajua wana wa wifi yangu, hawaoshi vyombo.
Anayeosha ni huyo "kama mwanangu."

Siku tatu karatasi zilibaki mkekani.
Kuku alipita juu ya mojawapo, akaacha maoni yake.
Siku ya nne nilipanda mtini na moshi wangu,
nikashuka na asali na uvimbe wa jicho,
nikauza yote, hata ile ya dawa ya kikohozi.
Muhula wa kwanza kwa masista umelipwa.
Wa pili anaujua Mungu, na nyegere.

Nyamizi akanisomea maelekezo ya kujiunga:
ndoo mbili zenye mifuniko, fagio la chelewa,
jembe lenye mpini, rimu moja ya karatasi,
kufuli lenye funguo mbili,
godoro la futi mbili na nusu.
Hapo akanyamaza, akapima hewa kwa mikono.
Hapa analala na wadogo zake wawili,
ukutani, upande wa miguu ya Shija inayopiga mateke.
Futi mbili na nusu, zote zake.
Akacheka peke yake.

Ni yeye anayenisomea kikaratasi cha mzani,
meseji za chama, vijiko vingapi vya dawa kwa siku.
Nilitaka kuuliza: sasa atanisomea nani?
Nikauliza bei ya jembe.

Mwisho wa orodha: vyombo vyote viandikwe jina.
Usiku nikachukua msumari na sahani ya bati,
nikafungua daftari lake la darasa la saba,
nikaliiga jina, herufi moja, pumzi moja,
ulimi nje kama mtoto wa chekechea.

Asubuhi akaigeuzageuza sahani kwenye mwanga.
Ile herufi ya kwanza niliiandika kinyume,
imewapa mgongo wenzake.
Aliiona. Nilimwona akiiona.
Hakuisahihisha.
Akaizungushia shuka mara mbili,
akaiweka katikati ya begi, pasipogonga.