Mwenyeji na Wageni Watatu

Niliinunua kwa dola arobaini, Mtaa wa Barton,
kwa Bwana Lorne, anayeuza vitu vya waliohama na waliokufa:
baiskeli, vitanda vya watoto, kinanda kilichong'oka meno matatu.
Akaipiga mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe.
"Moyo bado upo," akasema. "Ila kichwa ni kidogo."
Giga nne.
Giga nne, nami nataka ibebe mashine tatu tumboni.

Mashine pepe, ndivyo tunavyoziita.
Nami nikisikia pepe naona ungo,
mchele ukirushwa, na kile kisicho na kiini
kikienda zake na upepo hadi kwa kuku wa jirani.
Nani angeniambia nitavuka nusu ya dunia
nije kusomea pepe,
nitahiniwe pepe,
na pepe ndiyo ilipe kodi ya nyumba?

Februari, Hamilton. Chumba cha chini ya ardhi.
Dirisha liko usawa wa theluji; naona viatu vya watu, sioni watu.
Hewa imekauka hata blanketi linatoa cheche.
Nimesoma kwamba cheche moja ya kidole,
ndogo hata usiisikie,
yatosha kuua kumbukumbu.
Basi navua sweta la sufu, nasimama peku juu ya saruji,
nashika bomba la joto kama ninayemshika mgonjwa mkono,
ndipo nafungua.

Vumbi. Nywele za paka nisiyemjua.
Karanga moja.

Tunu ameamka, kaketi ngazini na shuka lake.
Ananiazima kifutio cha shule chenye harufu ya stroberi.
Nasugua meno ya dhahabu ya kadi, polepole;
zilitoka katika ofisi iliyofungwa, mbili, giga nane nane,
nimezilipia kwa zamu mbili za Jumapili.
Weusi unabaki kwenye kifutio.
"Mama, hiyo ndiyo inayokumbuka?"
Ndiyo.
"Inakumbuka nini?"
Unachofanya sasa hivi. Ukizima, inasahau yote.
Anafikiri, anajikuna mguu.
"Basi haikumbuki. Inashikilia tu."

Nakosa jibu. Nasukuma kadi: tak. Ya pili: tak.
Nawasha.
Milio mitatu mirefu, na kioo cheusi.
Kwa lugha ya mashine za zamani: sijaona kitu.
Nazitoa. Nabadilisha tundu. Nashika tena bomba.
Safari hii nakandamiza hadi ubao unapinda
na moyo wangu nao,
na herufi nyeupe zinapanda:
kumi na sita elfu, mia tatu themanini na nne.
Nazisoma kwa sauti, kama karani wa mizani ya pamba.
Tunu anapiga makofi, kisha anaulizia uji.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wa kwanza anaamka akidhani ana mwili.
Hajui kwamba diski yake ni faili,
kwamba saa yake ni ya kuazima.
Wa pili anaamka; feni inaanza kukohoa.
Wa tatu nikamngoja, nimefumba jicho moja.
Akaja.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, jembe siku ya tatu.
Mimi siku mbili sina, mtihani ni Jumanne.
Nawagawia majembe usiku uleule:
wewe linda mlango,
wewe gawa anwani,
wewe jifanye mwizi, tuone.

Juu ya dari Bi Kowalczyk anaburuta kiti.
Juu yake, wale vijana wa kiwandani wanakaanga kitu.
Boila moja, familia tatu,
kila moja ikijiita nyumba.
Taa inapepesa. Nashika pumzi.
Taa inarudi, na mwizi wangu bado anabisha hodi.

Saa kumi na moja alfajiri navaa buti, naenda kupiga deki hospitali.
Umeme ni ghali, najua.
Nimebandika karatasi juu ya swichi, kwa kalamu nyekundu ya Tunu:
USIZIME. WAPO WATU.