Upande wa Pili wa Risasi

Bakiri, umezipanga tena mkekani,
unazihamisha kama mtu anayecheza bao peke yake.
Kibali kinasema pongo mmoja, dume,
na Liwale nzima imelala.

Wewe unazijua kwa nje:
uzito, baruti, mita mia moja na hamsini,
namba zilizochongwa kitakoni mwa ganda.
Mimi sijafyatua hata moja.
Nazijua kwa ndani,
kwa kisu, kwa vidole, kwa meno ya watoto.

Ile ya bunduki ya shemeji Nampoto,
ya kuangushia nyati,
uliyompigia funo asiyemzidi mbuzi wa miezi sita:
nilichambua bega zima nikapata kikombe cha nyama
na mifupa kama chenga za korosho.
Tulikula kimya. Somoe akatema kipande cha risasi,
akakiweka ukingoni mwa sahani,
akauliza, hiki nacho ni cha nani?

Na ile ndogo, aliyoisifu fundi wa Nachingwea,
eti haina kishindo, haipotezi nyama.
Kweli, haikupoteza nyama.
Ilipoteza mnyama.
Siku mbili ulifuata damu, tone, tone, kisha majani matupu,
siku ya tatu ukafuata tai.
Ulirudi ukakaa uani na viatu vyako,
nami sikuwasha moto.

Sasa hizi. Bunduki moja, ganda moja, pua mbalimbali.
Yenye koti la shaba mpaka nchani
hupita kama mgeni aliyekosea nyumba,
aingie huku, atokee kule, samahani,
na mnyama akimbie na tundu lake vichakani.
Iache.
Hii yenye pua laini, ya uzito wa kati,
hufunguka ikishafika,
kama ua la boga alfajiri.
Humlaza pale pale
na kumwachia pumzi ya kungoja kisu na bismillahi.
Chukua mbili. Ya tatu itakutia jeuri.

Na ukikuta nyasi za Matandu zimekushinda kimo,
au amekupa mgongo,
au mkono bado unaikumbuka homa ya juzi,
rudi nazo zote mbili.
Kunde nimeshaloweka.
Nitazipokea mlangoni kwa viganja,
zina joto la mfuko wako tu.

Haya, zima tochi. Betri hizo ndizo za kesho.