Mita Sita

Saa tatu asubuhi, Januari changa, na jua halijafika.
Leo halifiki. Niko Bodø, ghorofa ya pili,
soksi za sufu miguuni, kahawa imeshapoa,
na daraja la Hestsund liko kilomita mia na tisini kutoka hapa,
limesimama ndani ya chumvi.

Hatuonani. Ila kuna uzi kati yetu,
uzi wa kioo, mwembamba kama unywele.
Yngvar aliufunga kwenye nondo kwa vidole vitupu
kiangazi kile tulipobomoa zege bovu na kumwaga jipya.
Napeleka mwanga. Mwanga unakwenda, unabisha hodi,
na kila kituo huitika kwa rangi yake,
rangi ambazo jicho halikupewa kuziona.

Baba alibisha hodi kwa nyundo.
Miaka thelathini na mmoja alining'inia chini ya daraja lile,
kikapuni, kamba kiunoni,
anagonga, anasikiliza.
Zege lenye chuma kizima, alisema, huitika ngii;
lililoliwa ndani husema du,
kama mtu uliyemkatiza usingizi.
Alama ya chaki. Songa. Gonga.
Hata mezani, supu ikipoa, aligonga ukingo wa bakuli
bila kujijua, na mama akamtazama tu.
Sikio lake la kulia lilikufa miaka sita kabla ya mwenyewe.

Kutu si mwizi. Mwizi huchukua akaondoka.
Kutu hula palepale, hunenepa palepale,
hudai nafasi kubwa kuliko ya chuma ilichokimeza,
husukuma zege kwa bega, polepole, hadi liachie.
Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema.
Hiki ki mfupani.
Lakini unene wake ndio unaoisaliti:
uzi unavutika, kidogo, kidogo mno,
na rangi inayorudi kwangu si ile ya jana.

Leo kituo cha arobaini na moja kimehama.
Sehemu mbili za kumi za nanomita.
Ukimwambia mtu barabarani atakucheka.
Nampigia Yngvar.
"Baridi hiyo," anasema. "Kioo nacho hujikunyata."
Naiondoa baridi kwenye hesabu. Bado kimehama.
Anashusha pumzi. Nasikia anatafuta buti.

Saa saba mchana, picha inaingia:
ufa, na chini yake mchirizi wa kahawia,
mfupi, kama chozi la mtu asiyetaka kuonekana.
Arobaini na moja, pale pale.
Nilitaka kupiga makofi peke yangu ofisini.
Kisha simu ikalia.

"Torunn," anasema, na upepo unamnyang'anya maneno,
"nilikuwa nangoja kikapu kishuke, nimechoka,
nikagonga ukuta kwa chupa ya chai. Mchezo tu.
Kati ya arobaini na mbili na nguzo. Hapa hakuna uzi, sivyo?"

Hakuna.
Ni zile mita sita tulizoziruka bajeti ilipopungua.
Karatasi iko kwenye kabati nyuma yangu,
na sahihi iliyo chini yake ni yangu, ya wino wa buluu.
Kwenye skrini hapana doa wala pengo:
mwanga hauwezi kusema pale haukupelekwa,
nami nilizoea kuuita ukimya huo afya.

"Ilisemaje?"
"Sijui. Mimi si mzee wako."
"Iweke simu ukutani."
Kishindo cha glavu. Upepo. Bahari, au lori.
Nikahamisha simu sikio la kushoto,
halafu nikairudisha kulia.

"Gonga," nikamwambia.

Nje, saa saba na nusu, giza lilikuwa limeanza kurudi.

"Gonga tena."